Bosi Alipokwenda Kuona Wanyama

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi za huko. Jana mimi na bibi tulimpeleka mdogo wangu, Bosi wetu, kuona wanyama. Alimkemea twiga ainame wasalimiane.

Wakati wa kutoka, mlinzi wa lango akamtania, "Mzee, mama yako yuko wapi?"

Bosi akachomoa simu mfukoni mwangu. "Huyu hapa. Amelala, chaji imeisha."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea.

Mama, umesema wanataka usaini mkataba mwingine wa miaka miwili. Tafadhali usisaini. Bibi naye amekubali, tutabanana hivyo hivyo na kidogo kilichopo. Rudi, Bosi aone kwamba una miguu.

Kifungua mimba wako