Mkate wa Wagonjwa

Bwenini, Manga
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Kabla ya neno lolote naupokea mkono wako na kuubusu. Kifua cha Nyanya kimetulia? Mimi ni mzima, na silisemi hili kwa adabu ya barua tu. Safari hii ni kweli.

Barua yako nimeipata. Umeniambia nirudi Mombasa, kwa kuwa mwalimu mkuu alikuarifu kwamba nina upele wa kuambukiza na kwamba naharisha kila wiki. Nakuomba unisome mpaka mwisho, kisha uamue.

Malengelenge ya viwiko na magoti unayajua. Nyumbani tuliyaita joto. Huku hakuna joto, kuna ukungu na mvua za alasiri, na bado yalizidi. Nilijikuna hadi damu. Matroni alinihamishia kitanda cha peke yangu mlangoni, akachemsha blanketi zangu, akanipaka dawa ya upele. Tumbo nalo lilivimba, na kwa hilo akanipa dawa za amiba. Ni mwanamke mwema. Hapa shuleni mgonjwa wa tumbo hapewi githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila siku. Hupewa mkate mweupe na chai ya rangi, asubuhi na jioni. Mimi alinikatia vipande vinene kuliko wenzangu.

"Na mimi nikijikuna nitapata mkate?" msichana mmoja aliuliza, bweni zima likacheka. Nilijifunika shuka. Unanijua, majibu hunijia kesho yake.

Likizo ya Agosti sikuweza kwenda kwa Ami mjini Kisii, kwani alikuwa safarini kununua bidhaa za duka lake, kwa hiyo nilikaa kwao Kemunto, rafiki yangu, huku huku mlimani. Mama yake alinipokea akicheka. "Mtoto ya Pwani, hapa hakuna mkate. Utakula ugali ya wimbi mpaka uzoee." Ugali huo wa ulezi ni mzito, rangi yake kama udongo uliolowa, na huliwa na mboga chungu za majani. Siku za kwanza nilikula kwa heshima, baadaye nikala kwa njaa.

Wiki ya kwanza tumbo lilinyamaza. Kufikia ya tatu halikutoka lengelenge jipya hata moja.

"Ni maji ya kwetu," Kemunto akasema. "Nyinyi mnaoga chumvi."

Tuliporudi, matroni alinihurumia akaniweka kwenye mkate tangu siku ya kwanza, ili tumbo lisirudi. Lilirudi siku ya tatu. Baada ya wiki, viwiko vikafuata. Hapo nikagawa ukurasa wa daftari mara tatu: nilichokula, tumbo, ngozi. Nilijaza kila siku kwa mwezi mzima. Tumbo na ngozi vilipanda pamoja na kushuka pamoja, na kila mara mkate ulikuwa umetangulia. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje matroni kwamba huruma yake ndiyo inayonidhuru?

Ami alinipeleka hospitali ya mjini Kisii. Daktari aliniuliza maswali, nami nikamsogezea daftari. Alisoma kurasa zote.

"Nani alikuandikia haya?"

"Ni mimi, daktari."

"Na kwenu mnakula nini?"

Nikataja mahamri, chapati, tambi, sambusa. Aliweka kalamu chini. Alisema kuna watu ambao miili yao huikataa ngano. Utumbo huvimba ndani, na kwa baadhi yao ngozi nayo hutoka malengelenge. Sisi tulitibu magonjwa mawili, kumbe yanaonekana kuwa moja. Hakusema ni hakika, huenda nikahitaji kupimwa Nairobi, na ngozi inaweza kuchukua miezi. Lakini alinipa vidonge vya mwasho, akaniambia niiache ngano kabisa, akaandika kwamba siambukizi mtu.

Mama, usijilaumu kwa mahamri. Ulinilisha ulichokijua.

Matroni aliisoma barua ya daktari mara mbili. "Kwa hivyo ni mimi nilikuwa nakugonjesha?"

"Si wewe, ni ngano."

Aliikunja barua, akasema, "Basi utakunywa uji ya wimbi. Na mwenye atacheka nitamfulisha blanketi ya bweni yote."

Tangu hapo kitanda changu kiko kando ya kile cha Kemunto. Viwikoni kumebaki madoa meusi, na bado nawashwa jioni nyingine, lakini shuka langu halina damu kwa wiki ya pili sasa. Tatizo lililobaki ni barua uliyomwandikia mwalimu mkuu ya kuniondoa. Amesema hataniandika kidato cha nne bila kusikia kutoka kwako, na atangoja mpaka tufunge. Mama, niruhusu nimalizie hapa. Nikija Desemba tutapika vitumbua, vibibi na mkate wa kumimina. Vyote ni vya mchele, na nitavila bila hofu.

Nisalimie Nyanya na umsomee sehemu ya ugali, atacheka. Msalimie Baba akirudi kutoka kazini, na mdogo wangu Swaleh, umwambie vitabu vyangu asivichoree. Ami anakusalimu.

Nilipoipata barua yako nilifunga sanduku. Leo, kabla sijaanza kuandika, nimelifungua na kurudisha nguo kabatini.

Bintiyo,
Rukia