Chiriku Amebaki Kwetu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko la Nguo,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko? Mama Mkubwa haachi kuuliza kama unavaa sweta alilokufumia. Mimi humjibu kwamba unalivaa, kwa hiyo livae, nisije nikaonekana mwongo. Sisi tu wazima. Anayeumwa ni cherehani, anakata sindano hovyo, lakini kazi zinakwenda.

Mjomba, kimya changu kilikuwa na sababu. Yule baba wa Chiriku, aliyetokomea marehemu dada akiwa bado ananyonyesha, amerudi. Sasa ana mke na kazi ya udereva, akataka apewe mwanawe. Nilidhani ni maneno tu, mpaka nikaletewa wito wa mahakama nikiwa nampima mteja sketi. Mtoto ana miaka minane, na mama anayemjua ni mimi.

Wakili ningempata wapi, kwa kipato cha kutia zipu na vifungo? Yule mteja, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ghorofani juu ya duka la rangi. Ukimaliza ngazi kichwa kinakuzunguka kwa harufu. Wakili ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Aliniuliza naingiza nini na naishi na nani, kisha akasema ninastahili kusaidiwa bila kulipa chochote.

Basi nikaanza kumwaga ubaya wote wa shemeji. Akanisikiliza, halafu akauliza, "Hayo umeyaona au umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Basi tuyaache. Niambie mtoto anaamkaje, anakula nini, nani anampeleka shule."

Nikashangaa. Kumbe kesi yenyewe ilikuwa hayo mambo ya kila siku, ambayo mimi nilidhani hayana maana.

Chumba cha mahakama ni kidogo, siku ya kesi baba yake Chiriku alikaa karibu nami hadi nikasikia anavyohema. Hakimu akamuuliza mtoto angependa kuishi wapi. Chiriku unamjua kwenye simu, hakupi nafasi hata ya kuitikia. Siku hiyo alinyamaza, akashika pindo la gauni. Mwishowe akasema, "Kwa Mama Mdogo." Kisha akamgeukia baba yake. "Lakini wewe uje kunitembelea. Mimi huwa nipo."

Hakimu aliamua abaki kwangu, baba awe anamtembelea kila Jumapili. Nilimkumbatia wakili nusura nimwangushe miwani. Yeye hakushangilia. Alinisihi tu nisimfungie mlango yule bwana.

Leo amekuja kwa mara ya kwanza, shati limepigwa pasi, amekumbatia boksi la viatu vyekundu. Vizuri kweli, ila ni vya mtoto wa miaka minne. Chiriku alijaribu kuvaa, vikaingia vidole tu. Baba yake akainamisha kichwa. Mjomba, tangu asubuhi nilikuwa nimempangia maneno makali, na yote yaliyeyuka mdomoni. Nikamvutia kigoda, nikampa utepe wangu wa kupimia. "Mpime mguu," nikamwambia.

Akapiga magoti. Akapima, akarudia. Hapo ndipo Chiriku alipofunguka. Ninavyoandika bado anaongea, na mwenzake anasikiliza tu, hata soda yake hajaigusa.

Mama Mkubwa anakusalimu sana, na mwenye nyumba wetu pia. Nisalimie mkeo na binamu zangu wote. Mungu akulinde uendako na urudipo, atukutanishe tukiwa wazima.

Mpwa wako akupendaye siku zote,
Fundi