Picha ya Pude Haikuungua

Dada Immaculata mpendwa, nisaidie kwa hili kwa sababu wiki ya tatu sasa silali vizuri. Naitwa Telesphor, niko Mamba huku Mpimbwe, ni mwalimu, na starehe yangu ni kupiga picha kwa kamera ya mkanda aliyoniachia marehemu baba, mikanda nasafisha mwenyewe chumbani kwa dawa ninazoagiza Dar. Mwezi uliopita nilikuta kwenye sanduku la baba mkanda uliopigwa na haujasafishwa, nikaziba dirisha kwa blanketi nikausafisha, nilipouinua kwenye mwanga nikaona gauni limekuwa jeusi na uso umekuwa mweupe, maana kwenye mkanda rangi hugeuka, nikauskani, nikageuza rangi kwenye kompyuta, na dada, akatokea mtoto anacheka, pengo la jino mbele, shela la komunyo ya kwanza kichwani, miaka ishirini na tano amekaa gizani anacheka. Nikapiga magoti bila kujua.

Mtoto huyo ni Pudensiana wa jirani yetu Dafrosa, alifariki kwa homa mwezi mmoja baada ya ile komunyo, na hakuna picha yake nyingine yoyote. Baba alikuwa anasubiri mkanda ujae ndiyo aupeleke Mpanda kusafisha, kama mafundi picha wote wa hapa, ukampotea, akaona aibu, akamwambia mama wa watu kwamba picha imeungua kwa mwanga. Mama yangu, Esteria, anasema baba aliuona mkanda baadaye, mtoto keshazikwa, akakosa ujasiri. Baba alikuwa katekista, dada. Mama anataka nichome kila kitu jina lake lisichafuke. Lakini mwaka jana Dafrosa aliniambia, "Mwanangu, sura ya Pude imeanza kunitoka." Nimebaki kuituma tu kwenye grupu letu la wapenda mkanda, wamenisifu sana. Je, ninyamaze?

Telesphor,
Barua yako nimeisoma, nikaiweka mezani, nikatoka nje kupunga upepo. Nimejibu barua nyingi, lakini hii imenishinda kuisoma mara moja. Umeshika kitu kikubwa mikononi, mdogo wangu, na nakuelewa ulivyopiga magoti.

Sasa nikugombeze. Watu wa grupu, wasiomjua hata kwa jina, wameshamwona Pude. Mama yake bado. Ulipata wapi moyo wa kupokea sifa zao huku yule mama anaanua mpunga hatua chache kutoka mlangoni kwako? Ifute leo, na uwaombe wenzako waifute.

Kuhusu mama yako, mheshimu, lakini usimtii kwa hili. Anamlinda mumewe, namwonea huruma. Mwambie hivi: baba alifundisha watu kuungama miaka yote, na hili moja likamshinda. Akiwa hai angetamani mtu amsaidie. Mliobaki ni nyie wawili, basi msaidieni.

Usitume kwa simu, wala usimtume mtu. Nenda Mpanda ukaichapishe kwenye karatasi nzuri, kubwa, ya kutundika ukutani. Ukirudi, mchukue mama yako mwende pamoja, mchana, Dafrosa akiwa amepumzika. Mpigie simu ndugu yake wa karibu mapema awepo, asije akaanguka hana wa kumshika. Usianze na maelezo ya baba. Sema tu, "Mama Pude, ile picha haikuungua," umpe. Akiuliza ilikuwa wapi, mwambie ukweli wote, na mama yako aombe msamaha kwa mdomo wake. Na kile kipande cha mkanda ni chake pia, mkabidhi.

Anaweza kulia. Anaweza kuwafukuza, na ana haki. Msijitetee. Lakini mkimsikia ameanza kuongea na mtoto wake, simameni taratibu mtoke, muwaache wote wawili.