Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Nyumbani, vyumba vya uani
Jumatano, 14 Agosti

Mpendwa Kaka,

Habari za huko na baridi yako? Natumaini kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuachia, na kwamba unakula chakula cha maana, si mkate na chai tu kama mtu aliyesahauliwa na ukoo. Sisi huku tunaendelea, isipokuwa jambo moja ambalo ndilo lililonikalisha kitako niandike. Mpwa wako ameota jino la pili, na analijaribia begani kwangu.

Uliuliza kama ule waya mpya wa breki ya mkono ulioutuma umefungwa kweli, au fundi ameuuza akaturudishia mkuukuu. Kaka, wewe unashuku ukiwa mbali. Mimi nimeshuku nikiwa hapa hapa, na sikumbakiza mtu.

Unaujua ule mteremko wa kutoka barazani hadi kwenye tangi la maji. Mwezi uliopita gari lako, ulilomwachia Baba aliendeshe, liliushuka lenyewe, taratibu, bila dereva, likaenda kuegemea tangi. Mama alikuwa akifua pale pale, na alikuwa ameinuka tu kwenda kuchukua sabuni. Beseni lilibanwa likawa bapa kama sahani.

Tukamwita fundi, yule tunayemwita Nusu Saa kwa kuwa kazi yoyote kwake ni ya nusu saa hata ikimchukua kutwa. Akafunga waya wako, akabadilisha viatu vya breki vya magurudumu ya nyuma, akakaza. Gari likasimama juu ya mteremko kama limepigiliwa misumari. Siku chache baadaye, breki ikawa laini tena: unaivuta hadi juu, inalia krr krr krr, na gari linateleza vile vile. Nusu Saa akarudi, akakaza. Ikalegea. Nikamfuata gereji na kumwambia mbele ya wateja wake kwamba ametufungia waya mbovu makusudi ili tusiache kumwita.

Akajifuta mikono kwanza, ndipo akaniangalia. "Dada, mimi nakaza. Nyumba yenu ndiyo inayolegeza."

Maneno yale yaliniingia. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikaanza kuitazama nyumba yetu kwa jicho jingine. Nyuma ya kiti cha dereva nilikuta kipande cha gogo. Nilikitupa, kesho yake kikawa kimerudi.

Nikamshuku mume wangu. Usicheke. Yeye ndiye anayeliazima gari mara kwa mara, na siku hizi Baba alikuwa kama ametuchoka. Zamani nikiingia kwao asubuhi, alikuwa ananinyang'anya mtoto kabla sijavuka kizingiti. Sasa anatupokea kwa maneno tu, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti hata jua likiwaka. Mtoto anamnyooshea mikono, yeye anamgusa shavu kwa kidole na kugeukia dirishani. Iliniuma sana, Kaka. Nikaamua kwamba Baba hampendi mkwewe na chuki imemfikia mtoto, naye mkwe analipizia kwenye gari. Nilifika hadi kunusa mashati ya shemeji yako nikitafuta harufu ya grisi.

Nusu Saa alipokuja kukaza tena, nilimwambia anionyeshe chini ya gari ile nati inayokaza waya. Alipoondoka nikachukua rangi yangu nyekundu ya kucha, nikapiga mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoishika. Yeyote atakayeigusa, mstari utakatika. Hata Mama sikumwambia. Siku ya tatu mstari ulikuwa umekatika.

Nikamwita Nusu Saa akakaza tena, nami nikaipaka upya. Jumapili tukatoka wote kwenda sokoni, isipokuwa Baba, aliyesema kichwa kinamgonga. Njiani nikajidai nimesahau kapu, nikarudi peke yangu. Chini ya gari kulikuwa na miguu miwili, na soksi nilizijua, maana visigino vyake nilivishona mimi.

"Baba?"

Miguu ikatulia. "Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Basi nivute nitoke."

Nikamvuta. Akakaa ameegemea gurudumu, spana mkono wa kulia, wa kushoto mapajani, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyelala. "Breki ikikazwa siiwezi," akasema. "Ikilegea inapanda yenyewe, na mama yako akisikia krr anatulia. Gia naisukuma kwa kiganja ili ilishike gari, halafu nashuka naweka gogo. Siku ile nilisahau vyote viwili."

Huyo ndiye dereva wa malori wa maisha yake yote, aliyetufundisha kwamba gari bila breki ni jeneza lenye matairi. Nilikasirika hadi nikalia. Nikamwambia angemuua Mama. Akasema anajua, na kwamba tangu siku ile hajala akashiba. Nikamuuliza, na mtoto je, kakukosea nini?

"Naogopa nitamwangusha."

Daktari amesema ni kiharusi kidogo kilichopita bila kubisha hodi. Mama alisema mficha maradhi kifo humuumbua, akatia ufunguo wa gari kwenye mkoba wake, na hakuna aliyethubutu kuudai. Nusu Saa nimekwenda kumwomba radhi. Amesema hasira zake zitaisha baada ya nusu saa. Shemeji yako hajui kwamba alishukiwa, na kupitia kwako asijue.

Baba alinikataza nisikuambie. Basi usimwambie kwamba nimekuambia. Mpigie simu, muulize habari za gari, kisha unyamaze hadi aseme mwenyewe. Ni wewe tu ambaye Baba anakuogopa kidogo.

Daktari alimpa mpira wa kubana, ameutupia paka. Badala yake kila asubuhi anaingia kwenye gari lililozimwa, limewekewa gogo, na kuvuta breki iliyokazwa sawasawa. Ametangaza kwamba akiivuta hadi mwisho, siku hiyo atambeba mjukuu wake. Mama jikoni anapunguza moto asikilize. Krr. Kimya kirefu. Krr.

Unanijua. Jana nilikwenda kuchungulia, nikiwa na hakika anasaidia na mkono mzima. Mkono mzima alikuwa ameukalia.

Wasalimie wote unaokaa nao. Mama, shemeji yako na mwenye meno mawili wanakusalimu. Mungu akulinde kwenye kila mteremko.

Mdogo wako akupendaye,
yule yule uliyempa jina la Mpelelezi