Landrova Yangu Imehamiwa na Mama Mkwe

Isiolo, Alhamisi, Julai 1986

Upepo wa leo umeamka na hasira. Tangu asubuhi mabati ya jirani yanapiga kelele, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, na Halima amefunga kila dirisha. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, karatasi nimeibana kwa goti isiruke. Nina furaha nyingi, na nisipoiandika nitaishia kumsimulia kila mtu sokoni.

Kesho Mutwiri anataka jibu.

Mutwiri ni fundi wa kuchomelea, Mmeru, karakana yake iko nyuma ya soko. Miezi michache iliyopita nilimpelekea Landrova yangu ndefu, ile ninayobebea sukari na unga kwenda Garbatulla na Sericho, nikamwambia aigeuze sehemu ya nyuma iwe chumba cha kulala. Nusu ya kazi ameshaimaliza: kitanda cha mbao chenye sanduku chini yake, tangi la maji, dirisha la wavu, kabati, ngazi ya kukunja. Nusu ya pili ni kuinua paa ili mtu aweze kusimama ndani, na hapo ndipo bei inapouma. Kwa pesa hizo ningepata pikapu kuukuu ya kufanyia biashara. Kaka yangu Yusuf hunikumbusha hilo kila tukitoka msikitini, tena kwa sauti ya kusikika na wengine.

Mutwiri mwenyewe hakunibembeleza. Aliniambia, "Mzee, enda na hiyo gari safari moja. Ukirudi uniambie, niinue paa ama ning'oe vitu yote urudi kwa magunia yako."

Basi nimeenda, na nimerudi.

Mjini wanasema nimeingiwa na tamaa ya kizungu, na sitakataa moja kwa moja. Mwaka jana niliwavuta watalii waliokwama kwenye laga, ule mto wa mchanga mkavu njia ya Samburu. Walikuwa na gari lenye kitanda na jiko, wakanipa chai nikiwa nimekaa kwenye mto wa sponji, na nilipotoka pale nilikuwa nimeshapotea. Nilikuwa nimelala chini ya Landrova yangu miaka mingi, mafuta yakinidondokea shingoni, na kumbe watu wanalala ndani.

Lakini haikuwa tamaa tu. Mama yake Halima alikuwa anapofuka.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaishi na mifugo nje ya Sericho, na daktari wa macho huja hospitali ya hapa kwa nadra, akiondoka hujui atarudi lini. Mara ya mwisho alipokuja, mama alipanda lori la mifugo, mgongo ukamshinda, akashuka Garbatulla na kurudishwa nyumbani bila kuonwa na mtu. Mwezi uliopita tukasikia daktari anakuja tena. Halima hakuniomba chochote. Alifagia ua mara tatu siku hiyo, na mimi namjua Halima. Nikamwambia mama yake atakuja amelala kitandani, kama mke wa mkuu wa mkoa.

Ndivyo nilivyosema. Leo nikikumbuka natamani kujificha.

Tulitoka hapa Ijumaa baada ya swala. Njia ya Garbatulla ilikuwa mbovu kama kawaida yake, lakini nilikuwa naimba. Tulipofika nikaegesha penye watu, nikafungua mlango wa nyuma na kukunjua ngazi. Nilikaribisha wanaume wakae kwenye godoro mmoja mmoja wajionee. Nikawasha stovu, nikafungua bomba la tangi maji yakatiririka, wazee wakatikisa vichwa. Halima alikuwa amefunika uso kwa shungi, akicheka au akiona aibu, sikujali. Tukalala humo, mimi na mke wangu, pazia la maua limefungwa. Asubuhi nilimwambia kila aliyenisalimia kwamba nimelala kama niko hoteli.

Hilo ndilo lililoniponza.

Halima ni Mborana. Kwao mwanamume na mama wa mkewe hawazoeani. Hatukai mkeka mmoja, hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na jina lake silitamki. Tukiwa na jambo, Halima hulipeleka na kulirudisha. Mimi ni Msomali wa mjini, babu yangu aliletwa hapa na jeshi la Waingereza, na adabu hizi za wakwe zangu nilijifunza nusunusu, nikadhani nusu inatosha.

Tulipofika kwao niliegesha mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nikakaa nje kivulini nikingoja mama apakiwe tuondoke. Halima akaenda, akakaa sana. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba Amina, amekataa," akasema. "Anasema hiyo si gari tena. Ni chumba yako na mimi. Hawezi lala kwa kitanda ya mkwe wake."

Nilisema hapana, ni gari, ina usukani, ina namba. Akasema, "Watoto wamesikia kwa watu wa lori lililotutangulia, wakamwambia vile ulikuwa unajisifu Garbatulla. Anajua tumelala ndani."

Sikuwa nimefikiria hata kidogo. Nilikuwa nimetumia miezi na pesa nzito kutengeneza gari moja ambalo mtu niliyemtengenezea hawezi kulipanda. Lingebaki na magunia angepanda. Angelala juu ya unga na kunishukuru.

Nilipandwa na hasira, nayo haikuwa hasira ya heshima. Nikamwambia Halima kwamba mama yake anachagua kupofuka kwa sababu ya godoro la sponji, kisha nikaondoka kwa miguu kuelekea kwenye laga. Huko nikapiga teke mchanga kama mtoto. Hasira ilipoisha niliona aibu. Yule mama amekaa na adabu hiyo maisha yake yote, na mimi nilitaka aivunje siku moja kwa sababu nimenunua pazia la maua. Hata hivyo daktari alikuwa njiani, na sikuwa na la kufanya. Nilikaa hapo mpaka swala ya adhuhuri, nikaomba, nikarudi polepole.

Niliporudi, godoro langu lilikuwa mchangani.

Kitanda cha Mutwiri kilikuwa kimetolewa na kuegemezwa kwenye mti wa mgunga. Pazia lilikuwa limefungwa kiunoni mwa kitoto fulani. Na nyumba ya mama, ile nyumba yake ya fito na mikeka aliyoijenga mwenyewe, ilikuwa nusu imeshuka. Wanawake walikuwa wanaibeba kipande kwa kipande na kuiingiza ndani ya Landrova, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni akipokea kwa kupapasa, anaelekeza kipi kikae wapi. Nikageuza uso upesi. Mikeka ikapanda kuta zote. Ngozi za ng'ombe zikatandikwa chini. Vyombo vyake vya maziwa vya kusuka vikaning'inizwa kwenye kulabu nilizoweka kwa ajili ya mashati yangu.

Halima akaja mbio, safari hii anacheka. "Mama amehama," akasema. "Sasa ni nyumba yake. Wewe usiingie."

Kwao nyumba ni ya mwanamke. Anaijenga yeye, anaibomoa yeye, na wakihama inapakiwa juu ya ngamia wake. Alichofanya mama ni kukifuta chumba changu na kuweka nyumba yake, na kazi yangu ikabaki ile ya ngamia.

Nitasema ukweli, mwanzoni iliniuma. Lile godoro lilikuwa jipya. Tuliliacha kwa wakwe, pamoja na stovu, na nilipowasha injini nilikuwa nasikia sauti ya Yusuf ikinicheka masikioni. Lakini Landrova ile ina kichwa chake peke yake, na kati yangu na nyuma kuna ukuta wa bati wenye kidirisha, ambacho Halima alikifunika kwa ngozi. Kwa hiyo sikuona kitu, nilisikia tu. Nilisikia bomba la tangi likifunguliwa. Nilisikia wavu wa dirisha ukisukumwa upepo uingie. Tulipovuka mchanga mzito niliingiza gia ya magurudumu yote manne, gari likanguruma na kupanda, na nyuma hakuna aliyelalamika. Baadaye nikasikia mkoromo, na haukuwa wa Halima.

Alilala. Yule mama ambaye lori lilimshinda alilala kwenye njia ile ile, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Machozi yalinitoka, na vumbi halikuhusika.

Kwenye kizuizi cha kuingia mjini askari kijana akazunguka gari. "Mzee, fungua nyuma tuone umebeba nini."

"Afande, piga hodi kwanza," nikamwambia. "Hiyo ni nyumba ya mama mkwe wangu."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua. Akagonga, akafungua kidogo, akaona mikeka na vyombo vya maziwa na mwanamke mzima amekaa kwake ametulia. Nilimsikia akitoa salaam aleikum kwa adabu kabisa, akafunga mlango taratibu na kutunyanyulia kizuizi. Nilipita katikati ya mji kwa gia ya pili ili watu wote waone. Mbele ya duka la Yusuf nilipunguza tena mwendo.

Na tulipofika nyumbani ndipo nilipoelewa jambo ambalo hata Halima hakulifikiria. Mama hakushuka. Nyumba yangu ya mawe, yenye vyumba vinne, nayo si ni ya mkwe? Angelala wapi siku zote hizi za matibabu? Ameishi uani kwetu ndani ya Landrova, anapokea wageni wake humo, wajukuu wanapanda ngazi ya kukunja kutwa nzima, na mimi nikitaka kupita uani nakohoa kwanza. Angekuja kwa gari jingine lolote tungemtafutia nyumba ya kukodi kwa watu asiowajua.

Daktari alimpasua jicho moja Jumatatu. La pili atalifanya akija tena.

Leo asubuhi muuguzi amekuja hapa uani, bandeji imetolewa, mama akavalishwa miwani minene. Sikuwa karibu, haifai. Nilisimama nyuma ya ukuta wa bafu nasikiliza. Kwanza kimya. Nikaanza kuhofia kwamba haoni. Kisha nikasikia sauti yake, maneno ya Kiborana ya haraka, halafu watoto wakaangua kicheko, na Halima akaja upande wangu ameziba mdomo kwa mkono.

"Mama anasema nikuambie," akasema, "nani alikudanganya hiyo rangi? Anasema hajaona rangi mbaya namna hiyo kwa maisha yake."

Ile rangi ya chungwa ya Landrova niliichagua mwenyewe. Niliipaka kwa mikono yangu.

Nimecheka mpaka nimekaa chini pale pale, nikaona Halima naye anacheka na kulia. Hajaona rangi mbaya namna hiyo. Ameona.

Kwa hiyo Mutwiri, kesho asubuhi nakuja. Inua paa, mama asimame wima ndani ya nyumba yake. Kitanda sikihitaji tena, nitarudi kulala chini ya gari nilikozoea. Yusuf atauliza nimepata nini kwa pesa zote hizo, nami nitamjibu kwamba nimepata gari ambalo siruhusiwi kuingia nyuma yake. Mwache acheke, simwonei haya.

Na mapema kabla ya hapo nitapitia dukani nikachukue vile vipande vya kuonyeshea rangi. Halima atampelekea mama achague.