Kwa Nini Minza Hamwiti Kabula

Jumamosi jioni, Kahama. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo.

Leo sikai wala silali. Nimeanza kushona sketi ya shule nikaiacha upande mmoja. Nimekwenda kuteka maji na ndoo zote zimejaa. Chai nimeichemsha mara mbili na sijainywa. Baba Shija yuko Bulyanhulu kazini, kwa hiyo hakuna wa kuniambia nitulie, na angekuwepo angeniambia nikaishia kugombana naye.

Kwa msionijua: mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa mjini. Zamani nilicheza mpira, nafasi ya kiungo, mpaka goti likakataa. Msimu huu Kocha Bahati, kocha wa timu yetu ya wanawake, alinipa kazi ya kumtafutia mchezeshaji, yaani kiungo wa kuwagawia wenzake mipira, kutoka kwenye timu za vyuo kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nafasi iliyobaki ni moja. Kitanda kilichobaki kambini nacho ni kimoja.

Mpwa wangu aliposikia hivyo akanionyesha kwenye simu jinsi Wamarekani wanavyochagua vijana wa vyuo kwa ule mpira wao wa kushika mkononi. Yupo mchezaji wanamwita kwotabeki. Ndiye anayeushika mpira kwanza na kuwapangia wenzake pa kukimbilia. Kabla timu haijamchukua, wanampima urefu, mbio, hadi ukubwa wa kiganja. Watu wazima wamevaa suti wanabishana kuhusu kiganja cha kijana wa watu. Nilicheka sana. Halafu kicheko kikaniisha, maana mimi nilikuwa nawafanyia hayo hayo mabinti wawili niliobaki nao, Minza na Rehema, tena bila suti.

Rehema ni binti wa Bugarama, anasoma chuo Geita. Sauti yake unaisikia ukiwa bado barabarani, hujaufikia uwanja. Anawapanga wenzake kama mama anayepanga wageni kwenye msiba: wewe huku, wewe kule, na hakuna anayebisha. Pasi zake za kawaida. Si mbaya, ni za kawaida tu.

Minza anasoma chuo cha ufundi Shinyanga. Huyu mpira ukimfikia tayari ameshajua unakwenda wapi. Mara ya kwanza kumwona nilisimama bila kujijua, na aliyekaa nyuma yangu akaniambia nikae, hakuja kutazama kitenge changu.

Tatizo lilikuwa moja. Winga wake wa kulia, msichana anaitwa Kabula, alikuwa hapati mpira vizuri. Pasi inakwenda, Kabula amegeukia kwingine, mpira unatoka nje. Nikatazama mechi mbili, ikawa hivyohivyo. Alhamisi nikamtumia Kocha ujumbe wa sauti. Nilisema hivi, na nimeusikiliza tena leo nikatamani kuitupa simu: "Kocha, Minza ana macho lakini hana mdomo. Na winga wake wa kulia hawaelewani, naona wana ugomvi. Mchukue Rehema."

Jana Kocha akampigia simu baba yake Rehema. Nasikia kwao jogoo ameshachinjwa.

Sasa kwa nini leo nimerudi Shinyanga? Sijui. Nilijiambia nakwenda kununua vitambaa. Vitambaa sikununua.

Leo sikukaa jukwaani. Nilisimama upande wa kulia karibu na mstari, nyuma ya Kabula, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Minza. "Salome, nyuma yako! Neema, tulia nao!" Kumbe mdomo anao, tena mzuri, hapayuki ovyo. Lakini kila alipomtaka Kabula alipiga makofi. Mara mbili, pa, pa. Na ngoma za washangiliaji zilivyokuwa zinalia, makofi hayo nani angeyasikia?

Kipindi cha pili aliupokea mpira, akageuka, akainua kichwa. Nikaona alichokiona. Nyuma ya beki wao kulikuwa na uwazi wa kupitisha ng'ombe, na Kabula alikuwa amesimama anatazama kwingine. Minza akafungua mdomo. Nilikuwa karibu, nimeuona ukifunguka. Hakikutoka kitu. Akapiga makofi, akatoa pasi, na Kabula alipogeuka mpira ulikuwa umeshavuka mstari. Wamefungwa bao moja na mashindano yao yameishia hapo.

Baada ya mechi nilimfuata Kabula akiwa anavua viatu. Nikamuuliza wamegombania nini na Minza.

"Hatujagombana, mama," akasema, na akacheka. "Mama mkwe wake ni somo yangu, naye anaitwa Kabula. Minza ameolewa Ushetu mwaka juzi. Kabla ya hapo alikuwa ananiita mpaka nakasirika. Sasa hivi ananipigia makofi utadhani anaita kuku."

Nilihisi uso unawaka.

Maana mimi ndiye niliyepaswa kujua kabla ya mtu yeyote. Jirani na kibanda changu kuna fundi wa kuchomelea milango, na jina lake ni la baba mkwe wangu. Mke wa Usukumani hatamki jina la mkwe wake, hata likiwa la mtu mwingine, kwa hiyo miaka yote namwita Mkwe. Wateja wanadhani nimemwoza binti yangu. Mzee mwenyewe alishafariki, Mungu amrehemu, lakini jina lake halijawahi kupita kwenye mdomo wangu, na hapa pia siliandiki. Mwanamke niliyeolewa Usukumani namtazama mwanamke mwenzangu aliyeolewa Usukumani anaruka jina, halafu nasema ana ugomvi! Yule mwenye suti wa Marekani angekuwa na udhuru. Mimi sina.

Minza alikuja kunisalimia kwa adabu, amekunja magoti kidogo, jezi imelowa. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza kwa nini wasimpe Kabula jina la utani, yaishe.

"Tulimpa, mama. Lakini mechi ikiwa kali, linalokuja mdomoni kwanza ni lile lenyewe. Nikishalizuia, mpira umeshapita." Akagusa koo. "Likifika hapa naona aibu, kama vile mama mkwe amesimama pale ananitazama."

Nilitaka kumkumbatia. Pia nilitaka kumtikisa. Yote mawili kwa pamoja, na sikufanya hata moja.

Maana sababu yake ni nzuri, lakini mpira ulitoka nje. Bao halikupatikana. Kocha hatauliza mambo ya ukwe na mimi sitakuwa na la kusema, kwa kuwa mchezeshaji anayesita hajakamilika, hata kama kinachomsitisha ni heshima. Na timu yetu hii ina akina Kabula wawili. Usukumani utawakwepa wapi akina Kabula? Mmoja wao ni winga wa kulia.

Nilimwomba Minza namba ya mama mkwe wake. Nilikuwa na haki ya kuiomba, maana Minza ana mtoto mdogo anayelelewa kule Ushetu, na ruhusa ya kuja kukaa kambini Kahama ingetoka kwa bibi huyo kwanza. Akanitajia namba huku anatazama chini.

Nimepiga nilipofika nyumbani. "Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, akaitikia kwa sauti ya mtu mwenye kazi mikononi. Alikuwa anachambua tumbaku na wenzake, nawasikia wanaongea nyuma yake. Tukasalimiana mpaka tukafika kwenye ng'ombe na mvua iliyopita. Nikamweleza mimi ni nani. Kuhusu kambi hakusita hata kidogo. Mtoto ameshazoea, akasema, mama yake akacheze. Ndipo nikabaki na lile lingine, na nikaona aibu kuliko Minza. Unamwambiaje mama wa watu kwamba jina lake linatupotezea mabao?

Nilimwambia hivyohivyo, kwa kuzungukazunguka.

Akaguna. Nikajua nimeharibu. Halafu nikasikia anawasimulia wenzake kwa Kisukuma, wote wakaangua kicheko, naye akarudi kwenye simu.

"Sasa mimi huku nachambua tumbaku, jina langu linafanya kazi gani? Mwambie alichukue akachezee mpira. Akirudi nyumbani atanirudishia."

Nilicheka naye. Nilipokata simu nikajikuta nafuta macho kwa kipande cha sketi.

Nikampigia Minza palepale, nikamwambia neno kwa neno. Nilitegemea afurahi. Nyuma yake niliwasikia wenzake wanaosha masufuria.

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe, tena anacheka."

"Nitajaribu, mama," akasema, kwa sauti ndogo mno. Mtu mwenye sauti hiyo ndiye nimekwenda kumpigania kwa Kocha.

Kocha Bahati ni mtu wa Tanga, mila hizi za Usukumani hazijui. Mwanzoni alidhani namtania. Akaniuliza iweje Alhamisi binti hana mdomo na Jumamosi ameupata. Nikamweleza yote, ya makofi na ya Ushetu, hata ya fundi wa milango, na nikamwambia ule ujumbe wangu ulikuwa wa mtu aliyetazama na hakuona. Hakucheka. Amesema Jumatatu saa nne asubuhi waje wote wawili kwenye majaribio, kila mmoja acheze kipindi kimoja, na winga wa kulia atakuwa Kabula wetu.

"Mimi nitakaa benchi," akasema. "Minza nimsikie nikiwa nimekaa. Nisipomsikia, namsajili Rehema. Na wewe, Mama Shija, mambo ya kuniletea wachezaji tuyaache."

Ni haki yake. Kesho baada ya ibada lazima nimpigie baba yake Rehema, nimwambie kilichokuwa nafasi sasa ni majaribio. Jogoo ameshaliwa. Rehema hana kosa lolote. Hilo nalo limekaa kifuani, na sitaki kujidanganya kwamba nimetenda wema. Nimemfungulia mmoja mlango kwa kumrudisha mwenzake kibarazani.

Na bado sijatulia. Nimezunguka nyumba nzima nikijiuliza kinachonisumbua ni nini, wakati kila kitu kimeshasemwa. Mama mkwe ametoa ruhusa. Kocha ametoa nafasi. Binti ana macho ambayo sijaona kwa mwingine. Kilichobaki ni neno moja, silabi tatu, kwa sauti.

Basi nikafunga mlango. Nikazima redio. Nikasimama katikati ya sebule, peke yangu, mwanamke mzima, nikasema leo nalitamka jina la baba mkwe wangu. Hayupo wa kunisikia. Mwenyewe yuko kaburini, na alikuwa mtu mpole, asingekasirika. Nikavuta pumzi.

Midomo imefunguka. Nimehisi ulimi ukienda mahali pake. Nimesimama hivyo mpaka shingo ikauma, kisha nimejikuta napiga makofi. Mara mbili.

Mimi nilikuwa na chumba kitupu na miaka yote ya ndoa yangu. Minza nimempa mpaka Jumatatu saa nne, mbele ya watu.