Neema Analishwa Kila Nyumba

Jumamosi. Ukungu umeshuka mpaka huku mjini, mlima haujaonekana kutwa nzima. Sawa tu, sina hamu ya kutazama kitu.

Nimechoka, nimeishiwa maarifa.

Neema wangu ana miaka mitatu. Juzi kliniki nesi alimpima uzito, akarudia kumpima, kisha akaniuliza anashinda na nani. Nikasema yuko kwa bibi yake Kibosho, mimi nashinda dukani, namchukua wikiendi. Akaniambia uzito umepita kiasi, na nikizembea atakuja kupata sukari na presha mapema. Mtoto anahema akipanda ngazi za baraza. Watu wanamminya mashavu wakisema ana afya, nami nilikuwa nacheka nao.

Leo nikapanda Kibosho kuongea na mama mkwe. Mume wangu yuko mlimani anaongoza watalii, simu haipatikani, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, jambo ambalo mkwe mwenye akili hafanyi. Nikaamkia, nikakaa, nikazunguka mbuyu wee, mwisho nikasema.

Mama akaapa kwamba Neema anakula kama watoto wote: uji asubuhi, mtori wa ndizi na nyama mchana, ndizi jioni. Namwamini. Tatizo nililiona mwenyewe nikiwa nimekaa pale. Kihamba kile, shamba la ukoo, wamegawana ndugu wanne, nyumba zimepakana migombani, na Neema anazurura humo kama kuku. Kwa shangazi akapewa mtori. Kwa mama mdogo akapewa maziwa na mkate. Kwa bibi mdogo, ndizi za kukaanga. Kwetu mtoto haondoki kwa mtu bila kutia kitu mdomoni, ni aibu ya mwenye nyumba. Na hakuna anayejua mwenzake kampa nini.

Wote wanampenda. Ningekuwa na mbaya wangu pale, ningejua pa kuanzia.

Nikamwomba Mama awaambie wale wengine wasimpe.

"Unataka nipite nyumba kwa nyumba niseme mjukuu wangu anyimwe chakula?"

Nikasema siyo kunyimwa, Mama, ni kupunguziwa.

"Mama Neema, mimi mtoto wangu wa kwanza nilimzika. Alikwisha mpaka mbavu zinahesabika, na maziwa ya kumpa sikuwa nayo. Leo ng'ombe yuko bandani, halafu unaniambia nipunguze."

Miaka yote ya ndoa yangu hakuna aliyewahi kunisimulia hilo. Nikakusanya nguo za Neema, tukaaga. Mama hakutuzuia. Alitufungia ndizi na chupa ya maziwa kama kawaida yake, akatusindikiza mpaka barabarani.

Kesho kutwa naingia kazini na sina wa kumwachia mtoto. Dada wa kazi aliolewa, na sijapata mwingine wa kumwamini. Bosi hataki kuona mtoto dukani. Neema amelia tangu tufike, anamtaka bibi yake, na nimemnyamazisha kwa yale yale maziwa. Najua nitampandisha tena Kibosho, kwa sababu hakuna pengine.

Ee Mungu, nitamwambiaje mama aliyezika mtoto kwa kukosa chakula kwamba huyu anayemlisha naogopa nitamzika mimi?